Sweta Elfu Mbili na Kiti Kimoja

Sogeeni karibu, na aliye nyuma asione haya kuja mbele, maana mwishoni nitahitaji sauti ya kila mmoja, mkubwa kwa mdogo. Nimekuja na shauri lililomshinda mwanamke mwenye akili zake timamu, na siondoki hapa mpaka mnisaidie kulikata.

Mwanamke huyo ni Edina Mgaya wa Njombe, kule ambako mwezi wa saba mtoto hatoki nyumbani kwenda shule bila sweta, na akitoka bila sweta mama yake anasemwa mtaa mzima. Edina alikuwa na karakana ya kufuma sweta za shule. Alianza na mashine moja kwenye kibaraza cha dada yake, na sasa ana miaka sitini na mashine kumi na mbili zikiwa zimepangwa mistari miwili chini ya bati. Wafanyakazi walimwita Mama tu. Alikuwa anajua uzi, anajua rangi, anajua shule gani inataka shingo ya pembe na ipi inataka shingo ya mviringo. Jambo moja hakulijua, nalo ndilo lililotaka kumwangusha.

Katika karakana hiyo mlikuwa na watu watatu wenye vipaji.

Wa kwanza ni Osmunda Kilasi, mtunza stoo. Kipaji chake kilikuwa macho. Akimtazama mtu akifunga mzigo au akipanga foleni, anajua huyu ni mtu wa namna gani, na ni mara chache sana alikosea. Kwa miaka kumi na tisa macho hayo yalitumika kuhesabu mabunda ya uzi.

Wa pili ni Fundi Ngole, mwanamume aliyepita makamo, mpole, mwenye kikohozi cha asubuhi. Kipaji chake kilikuwa mikono. Kitanzi kikiachia katikati ya kifua cha sweta, mafundi wengine hufumua kurudi nyuma; Ngole alikiokota kwa sindano, na ukitafuta pale palipoharibika hupaoni.

Wa tatu ni Ditrick Mwalongo, kijana wa miaka ishirini na minne. Kipaji chake kilikuwa ulimi. Msinielewe vibaya, hakuwa mtu wa matusi wala umbea. Alichokuwa nacho ni kwamba alisema mbele yako, kwa adabu, kile ambacho wengine husema ukishageuza mgongo.

Sasa sikilizeni tatizo.

Mama Edina hakuweza kukaa na vijana. Walikuja Machi, Juni hawapo. Mwingine alikuja Jumatatu, Ijumaa akaomba ruhusa ya kwenda kumwona bibi, na huyo bibi sijui alikuwa Kongo, maana hakurudi tena. Kati ya waliopita hapo kwa miaka mitatu, aliyebaki ni Ditrick peke yake, ambaye alipenda mashine kuliko alivyochukia makaripio. Mafundi wengine watano walikuwa watu wazima, wenye mabega yanayouma. Mashine sita zilifunikwa kanga, hazina wa kuzikalia.

"Vijana wa siku hizi hawana mgongo wa kazi," Mama Edina alisema, na alisema hivyo mara nyingi hata akaamini.

Halafu mwezi wa nane likaja jambo kubwa. Shule moja ya bweni ikaagiza sweta elfu mbili, rangi ya damu ya mzee, zifike kabla shule haijafunguliwa Januari. Mkuu wa shule alimwambia wazi: "Mama Mgaya, ukiweza hizi, wewe ndiye wetu kila mwaka. Usipoweza, tutaenda kiwandani mjini, na hatutarudi."

Mama Edina akapiga hesabu ya vidole vya mafundi wake. Hata wakifuma bila kupumzika wasingefika nusu. Alihitaji vijana, na alihitaji wakae.

Akachukua karatasi, akaandika tangazo: wanahitajika mafundi wa kufuma, wenye vyeti, uzoefu usiopungua miaka mitatu. Akalibandika getini. Wiki nzima walikuja watu wawili, na mmoja wao alikuwa anauliza njia.

Osmunda akalibandua tangazo lile, akaingia nalo ofisini.

"Mama, samahani. Kijana wa miaka ishirini mwenye uzoefu wa miaka mitatu tumtoe wapi? Alianza kufuma akiwa darasani?"

"Sasa nichukue wasiojua kitu?"

"Kufuma wanaweza kufundishwa. Subira huwezi kumfundisha mtu kwa wiki tano. Niachie mimi nichague."

Mama Edina alimtazama mtunza stoo wake kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. "Na wakitoroka?"

"Akitoroka hata mmoja kabla ya Krismasi," Osmunda akasema, "na mimi niondoe."

Osmunda akaandika tangazo jingine: Njoo na mikono yako, sisi tutakufundisha. Wakaja arobaini na mmoja. Hakuwauliza vyeti. Kila mmoja alimpa fundo la uzi uliovurugika, akamwonyesha kiti uani, akarudi stoo kuchungulia dirishani. Wengine walivuta mpaka uzi ukakatika. Wengine waliweka chini wakashika simu. Mmoja alikata alipoona hapafunguki, lakini akaunga kwa fundo dogo hata ukipitisha kidole hulihisi. Huyo Osmunda alimchukua. Mwingine, msichana aitwaye Yusta, alimaliza la kwake, kisha bila kuambiwa akamsaidia jirani yake. Huyo naye akachukuliwa, ingawa alikuwa ameomba radhi mara tatu kwamba kidato cha nne alifeli.

Kisha Osmunda akawaambia wote aliowachagua, bila kuficha: "Mgongo utauma. Masikio yatachoka kwa kelele. Mwezi wa kwanza mtalipwa kidogo, na ni hiki hapa. Anayeona hapawezi, aende sasa, hatutagombana." Hakuna aliyeondoka. Walikuwa saba.

Mama Edina aliwahesabu, akahesabu mashine zilizofunikwa kanga. "Osmunda, mashine ni sita."

"Najua, Mama. Nimeshindwa kumwacha yule Yusta."

Hapo ndipo anapoingia Fundi Ngole.

Msikie kwanza desturi ya karakana ilivyokuwa. Mwanafunzi alifagia na kuzungusha uzi miezi sita. Halafu alifuma mikono ya sweta, mikono mitupu, mwaka mzima, bila kuambiwa mkono huo unaungwaje na bega. Ngole mwenyewe alifundishwa hivyo, na Mama Edina kabla yake. Safari hii nafasi ya kungoja hivyo haikuwepo. Na hata ingekuwepo, ndiyo desturi iliyokuwa ikiwafukuza watu.

Ngole akasimama pale kwenye mashine yake, ile ya dirishani aliyoikalia miaka ishirini na miwili, ambayo hakuna aliyeruhusiwa hata kuipangusa vumbi. Akamwita Yusta. "Binti, kaa hapa."

"Fundi, hii si yako?"

"Mimi nitakuwa natembea."

Na kweli alitembea. Fundi pale hulipwa kwa idadi ya sweta anazofuma, kwa hiyo kila siku aliyotembea kati ya mashine saba ilikuwa siku aliyoinyima nyumba yake. Mama Edina alimwongezea posho, lakini haikufika nusu ya alichokuwa akipata. Mke wake alikuja mara moja kuuliza kama ameugua.

Aliwafundisha kwa namna yake. Siku ya kwanza kabisa kila kijana alianza sweta nzima, na aliambiwa achague ni ya nani. Mmoja alimfumia mama yake. Yusta alimfumia mdogo wake, na alipomaliza, mkono mmoja ulifika kwenye vidole na mwingine ukaishia kwenye kiwiko. Vijana wakacheka. Yusta akaificha chini ya meza.

Ngole akaitoa, akaitandaza mezani, akaipitia mstari kwa mstari. "Hapa uliharakisha. Hapa ulishtuka, ukavuta uzi. Lakini angalia kola hii." Akawaita wote. "Njooni mwone kola. Mimi nilifuma kola nzuri hivi mwaka wangu wa tatu." Kisha akamrudishia Yusta. "Umeshafuma sweta. Sasa tufume ya pili."

Mama Edina aliyaona hayo akiwa mlangoni mwa ofisi. Kusema kweli alitaka kuingilia, maana uzi ulikuwa unapotea. Akajizuia. Ilipofika katikati ya Oktoba, vijana wote saba walikuwa wanafuma sweta nzima, za kuuzwa, na wa taratibu kuliko wote alikuwa anamkaribia fundi wa zamani.

Mama Edina akalala usingizi mzuri kwa wiki tatu. Wiki ya nne, Novemba, ghala la kupakia parachichi likafunguliwa nje kidogo ya mji. Walitaka vijana, wengi, haraka, na malipo ni kila jioni mkononi. Jumatatu hiyo wanne kati ya wale saba wakasema wataondoka Ijumaa. Osmunda akakaa stoo, hakunywa chai. Ngole akakohoa asubuhi nzima.

Na Ditrick? Ditrick yeye aliitwa huko huko awe msimamizi wa zamu. Alikuwa na barua mfukoni.

Mama Edina akapanga kuwaita vijana wote uani awape maneno yao. Alikuwa ameshafunga kilemba upya, dalili ya kwamba moto unakuja. Ditrick akabisha hodi ofisini.

"Shikamoo Mama. Kabla hujatoka, naomba nikuulize. Yule kijana anayekaa mashine ya tisa anaitwa nani?"

"Yule... yule mrefu?"

"Anaitwa Alfani. Yuko hapa mwezi wa tatu."

Mama Edina akageuka kuitazama mashine ya tisa. Alitaka kuudhika, akakosa pa kuanzia.

"Mama, hawakimbilii parachichi," Ditrick akaendelea. "Kazi ile ni ngumu kuliko hii na inaisha msimu ukiisha, wanajua. Wanakimbia kutojua. Wao ni wanafunzi mpaka lini? Hakuna aliyewaambia. Wakikosea, sauti yako inafika mpaka barabarani. Wakipatia, unapita kimya. Yusta ana mama mgonjwa, anahitaji kutoka saa tisa siku moja kwa wiki ampeleke kliniki, na anaona heri aache kazi kuliko kukuomba."

"Kwani mimi nang'ata?"

"Wanadhani unang'ata, Mama."

Si neno dogo kumwambia mtu aliyekulipa mshahara juzi. Mama Edina alikaa chini. Baadaye alimsimulia dada yake kwamba hasira ilimjaa mpaka kooni, halafu ikashuka, na pale iliposhuka ilibaki aibu. Maana alikumbuka alivyokuwa msichana katika karakana ya mtu mwingine, miaka minne, akiitwa "wewe".

"Nifanye nini?"

"Waulize. Lakini usiwasimamie. Kaa nao."

Alhamisi yake Mama Edina alikaa kwenye kigoda uani kati ya vijana wake, na Ditrick akawa mtu wa kuanzisha maneno pale yalipokwama. Mwanzo yalikwama sana. Alfani ndiye aliyefungua. Kisha wakasema wote, na mengine yalichoma. Kabla ya chakula cha mchana, karatasi ilibandikwa ukutani: jina la kila mmoja, na tarehe atakayopimwa na kuitwa fundi kamili kwa malipo ya fundi. Yusta akapata Jumatano yake ya saa tisa, na saa hizo angezilipa siku nyingine. Wakakubaliana kosa la mtu lisemwe mezani kwake, si mbele ya wote, na kazi nzuri isemwe mbele ya wote.

Ijumaa ikafika. Hakuna aliyeondoka. Ditrick akairudisha barua ya ghala, akawaambia asante. Mshahara alioukataa ulizidi wake kwa theluthi.

Tarehe nne Januari gari la shule likapakia sweta elfu mbili, na kumi za akiba. Mkuu wa shule alizivuta mishono, akazigeuza ndani nje, akacheka. Akaagiza za mwaka unaofuata palepale. Mwezi wa nane ulipozunguka tena, vijana wote saba walikuwa bado kwenye mashine zao, wote mafundi kamili, na getini kulikuwa na vijana wengine wanaouliza lini tangazo litatoka.

Mngedhani hadithi imekwisha. Ndiyo kwanza tunafika kwenye shauri.

Mama Edina aliamua kufungua karakana ya pili Makambako. Yeye mwenyewe angeenda kuisimamia, kwa hiyo hapa Njombe alihitaji msimamizi: mtu mmoja wa kuajiri, kupanga kazi, kusema ndiyo na kusema hapana. Kuna nyongeza ya mshahara, kuna nyumba ndogo ya nyuma ya kuishi, kuna jina kwenye ubao wa nje.

Alianza kwa kukwepa. Akawaambia wote watatu wasimamie pamoja. Walikuwa marafiki, hawakugombana hata siku moja, lakini wiki mbili zikatosha. Uzi wa kijani uliagizwa mara tatu, mweusi haukuagizwa kabisa. Kijana aliyeomba ruhusa alikubaliwa na mmoja, akakataliwa na mwingine. Alfani akaja kwa Mama: "Tunawapenda wote, ila tuambie tumuulize nani."

Akamwita kila mmoja peke yake.

Osmunda akasema, "Mama, Ngole angemfundisha nani kama nisingewaleta? Umekuwa ukipata vijana miaka yote, lakini wale waliokuwa wanakuja na wale niliowachagua ni watu wawili tofauti. Nami niliweka kazi yangu rehani kwa ajili yao. Miaka kumi na tisa niko stoo. Sijawahi kuomba kitu. Leo naomba."

Ngole akasema, "Saba wasiojua kufuma ni watu saba wa kulisha tu. Nilitoa mashine yangu, nikatoa na kipato changu, na sijutii. Nina miaka mitano ya nguvu imebaki. Nikiwa pale, hao wanaosimama getini nao watakuwa mafundi. Nisipokuwa pale, nitarudi kwenye shamba langu, kwa amani kabisa."

Ditrick akasema, "Walichaguliwa vizuri, wakafundishwa vizuri, na bado walikuwa wanaondoka. Walibaki kwa sababu mtu alikwambia ukweli, na mtu huyo alikuwa na pengine pa kwenda akabaki. Ghala wameniandikia tena. Sikutishii, Mama. Nakwambia kwa kuwa nisipokwambia mimi utasikia kwingine."

Mama Edina aliona kila mmoja amesema kweli tupu. Akaenda kwa vijana, labda wao watamsaidia. Wawili wakamtaja Osmunda, wawili wakamtaja Ngole, wawili wakamtaja Ditrick. Akabaki Yusta. Mama Edina akamgeukia.

Yusta akaweka uzi chini. "Mama, mmoja aliniingiza hapa na cheti changu kibovu. Mmoja alinipa kiti chake. Mmoja alisema nililoshindwa kusema, na mama yangu anatibiwa. Nikitaja mmoja nitakuwa nimewakana wawili. Usinitwishe hilo."

Basi Mama Edina akarudi ofisini. Keshokutwa gari la kumpeleka Makambako linaondoka, na kabla hajapanda, barua yenye jina moja lazima ibandikwe ukutani ili watu wajue wa kumuuliza. Amejaribu kulitazama shauri kwa kila upande. Je, kiti ni malipo ya kazi iliyopita? Basi kazi ya nani ilikuwa nzito zaidi: ya aliyehatarisha kazi yake, ya aliyetoa kipato chake, au ya aliyekataa kipato kikubwa? Au kiti ni kwa ajili ya kesho, apewe atakayewafanya vijana wazidi kuja, au atakayewafanya wazidi kujua, au atakayewafanya wazidi kukaa? Na je, ampe anayeweza kuondoka ili asiondoke, au ampe Osmunda ambaye anajulikana hataondoka hata akinyimwa?

Mimi nilipofika kwake nilimkuta ameshika kalamu, na karatasi ni nyeupe. Aliniambia, "Wewe unazunguka kwa watu wengi. Waulize."

Ndiyo nawauliza. Wewe mama uliyejifunga kitenge, wewe kijana unayetafuta kazi, wewe mwenye duka unayelalamika kila siku kwamba wasaidizi hawakai: kama kalamu ile ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani, na wale wawili ungewaambia nini?